Njia ya baiskeli inapogeuka mtego: mwongozo kwa anayekwenda kazini kwa baiskeli

Miji mingi imechora njia za baiskeli, lakini si kila njia iliyochorwa humfikisha mtu salama. Makala haya yanaeleza, kwa kutumia mfano wa jiji la London, namna ya kuitambua njia mbovu, sheria inasema nini, na mwendesha baiskeli afanye nini ili afike kazini na arudi nyumbani.

Saa kumi alfajiri, treni nyingi za chini ya ardhi zikiwa bado hazijaanza safari, barabara za mashariki ya London huwa za watu wa zamu: wasafishaji wa maofisi, wauguzi, wapishi wa hoteli na watangazaji wa taarifa ya habari ya alfajiri. Miongoni mwao wamo Waafrika Mashariki wengi. Baadhi yao hupanda basi la usiku. Wengine, na mwandishi wa makala haya akiwamo kwa miaka mingi, hupanda baiskeli.

Kwetu mtu akigongwa barabarani husemwa kwamba ajali haina kinga. Ni maneno ya kuwaliwaza wafiwa, na kwa kazi hiyo yanafaa. Lakini yakifanywa kanuni ya kujengea barabara, huua. Ajali nyingi za baiskeli mjini zina mahali pake, zina saa yake na zina sababu inayoweza kupimwa kwa futi kamba.

Aina za njia

Anayeona alama ya baiskeli iliyochorwa juu ya lami hudhani njia zote ni moja. Sivyo. Nchini Uingereza ziko aina nne zinazokutwa mara kwa mara, na ulinzi wake haulingani.

Ya kwanza ni njia yenye mstari mweupe usiokatika. Dereva wa gari haruhusiwi kuingia wala kuegesha ndani yake katika saa zilizoandikwa kwenye kibao.

Ya pili ni njia yenye mstari unaokatikakatika. Hapa dereva anatakiwa asiingie isipokuwa pale isipoepukika. Kwa vitendo, maneno hayo "isipoepukika" yamekuwa mlango mpana sana, na gari la kupeleka mizigo likisimama humo hapana anayeshangaa.

Ya tatu ni njia iliyotengwa na magari kwa ukingo wa zege, kwa nguzo au kwa kuinuliwa juu ya lami. Hii ndiyo inayostahili kuitwa njia ya baiskeli bila kusitasita.

Ya nne ni ile ya pamoja na watembea kwa miguu. Huifaa barabara ya nje ya mji yenye wapita njia wachache. Mahali penye maduka, humweka mwendesha baiskeli na bibi mwenye mkongojo katika ugomvi ambao hapana kati yao aliyeuanzisha.

Funzo la Bow

Mwaka 2010 London ilizindua njia ndefu za baiskeli zilizopakwa rangi ya buluu, zilizokusudiwa kuwaleta wafanyakazi kutoka vitongojini hadi katikati ya mji. Mwaka 2011 ikafunguliwa njia ya pili kwa hesabu, kutoka Bow hadi Aldgate, upande wa mashariki. Sehemu kubwa yake haikuwa na ukingo wowote. Ilikuwa rangi juu ya barabara ile ile ya malori.

Mwaka huo huo wa 2011, katika muda wa wiki chache za Oktoba na Novemba, waendesha baiskeli wawili waliuawa kwenye mzunguko wa barabara wa Bow, wote wawili katika ajali zilizohusisha malori. Mwezi Novemba 2013 akafa wa tatu mahali hapo hapo. Alikuwa mmoja wa waendesha baiskeli sita waliopoteza maisha jijini London ndani ya wiki mbili.

Mwaka huo wa 2013, mchunguzi wa vifo aliyesikiliza kesi za watu waliokufa katika njia hiyo alionya kwamba rangi ile ya buluu ilikuwa ikiwatuliza waendesha baiskeli kwa usalama usiokuwapo. Hilo ndilo jambo la kukumbuka katika makala haya yote. Njia mbovu si sawa na kukosa njia. Mara nyingine ni mbaya zaidi. Asiye na njia hujihadhari. Aliyechorewa njia huamini kwamba mwenye mji amekwisha kumfikiria.

Baada ya mashinikizo makubwa, njia ya Bow hadi Aldgate ilijengwa upya, na kufikia mwaka 2016 sehemu kubwa yake ilikuwa imetengwa kwa ukingo. Mwaka huo pia ikafunguliwa njia iliyotengwa kando ya mto Thames, kwenye barabara ya Victoria Embankment. Mji ni ule ule, malori ni yale yale. Kilichobadilika ni zege. Kumbe ajali ilikuwa na kinga.

Kasoro zinazokutwa mara kwa mara

Njia nyembamba. Usukani wa baiskeli ya kawaida una upana wa sentimita 60 hivi, na baiskeli haiendi kama treni juu ya reli, huyumba kidogo. Kwa hiyo mtu aliye mwendoni anahitaji kama mita moja kwa ajili ya mwili wake tu. Mwongozo wa serikali uliotolewa mwaka 2020 kwa wajenzi wa barabara za England unaeleza kwamba njia ya baiskeli isipungue mita 1.5, na kwamba mita 2 ndiyo inayofaa. Njia ya sentimita 80 humwambia dereva kwamba mradi hajakanyaga mstari, hana kosa, hata kama kioo chake cha pembeni kinakaribia kugusa kiwiko cha mtu.

Njia inayopita kando ya milango ya magari. Mlango wa gari ukifunguliwa huchukua karibu mita moja ya barabara. Baiskeli iendayo kilomita 20 kwa saa hupita zaidi ya mita tano kila sekunde. Mlango ukifunguka ukiwa mbele yako kwa mita tatu, breki haina kazi tena.

Njia inayokufa ghafla. Hukatika kwenye kituo cha basi, kwenye daraja jembamba au mita chache kabla ya makutano, yaani pale pale inapohitajiwa. Wajenzi wanajua kwamba makutano ndiyo magumu na ghali kuyapanga. Basi huchora pale palipo rahisi, na kumwachia mpanda baiskeli pale palipo pagumu.

Njia inayompeleka mtu kushoto mwa lori. Uingereza magari huendeshwa upande wa kushoto, kama kwetu. Njia iliyochorwa ukingoni humfikisha mwendesha baiskeli kwenye taa akiwa ubavuni mwa lori, mahali ambapo dereva aliyeketi juu anaweza asimwone kabisa. Taa ikiwaka kijani na lori likakata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Hukata kona kwa ndani na kufagia kilichopo.

Njia isiyotunzwa. Vigae vya chupa, majani yaliyooza ya miezi ya Oktoba na Novemba, mifuniko ya mitaro iliyozama, mashimo yaliyozibwa nusu. Magari hujifagilia njia yao kwa magurudumu yao. Takataka zote husogea pembeni, na pembeni ndiko kulikochorwa baiskeli.

Sheria inasemaje

Wengi wetu tuliokuja ugenini tunaogopa kuivuka mistari, kwa kudhani kwamba njia ikichorwa ni amri. Nchini Uingereza si amri. Kitabu cha kanuni za barabarani, Highway Code, kinasema kwamba kutumia njia ya baiskeli ni hiari, na kwamba mtu anaweza kuona ni salama zaidi asiitumie.

Kanuni hizo zilirekebishwa tarehe 29 Januari 2022, na marekebisho yake yafaa kujulikana na kila msomaji anayeishi huko. Dereva anayekata kona hatakiwi kumkatia njia mwendesha baiskeli anayekwenda mbele. Anayempita mwendesha baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa anashauriwa aache angalau mita 1.5. Mpanda baiskeli naye anashauriwa akae katikati ya njia katika barabara tulivu, na anapokaribia makutano au mahali finyu. Asiukaribie ukingo kwa chini ya nusu mita. Na apitapo kando ya magari yaliyoegeshwa aache nafasi ya mlango, yaani kama mita moja. Aliye ndani ya gari anaambiwa afungue mlango kwa mkono ulio mbali nao, ili mwili ugeuke na macho yatazame nyuma.

Tazama basi mgongano uliopo. Kanuni zinasema acha mita moja kutoka kwenye magari yaliyoegeshwa, lakini rangi ya njia mbovu inakuelekeza upite sentimita 40. Katika hali hiyo fuata kanuni, si rangi.

Kukimbilia njia ya watembea kwa miguu si suluhisho. Isipokuwa pale kibao kinaporuhusu, ni kosa, na unaweza kutozwa faini papo hapo.

Wasomaji walioko nchi nyingine wasichukue maelezo haya kama yalivyo. Ujerumani, njia yenye kibao cha duara cha buluu chenye picha ya baiskeli ni lazima itumiwe. Jijini New York, mwendesha baiskeli anatakiwa kuitumia njia iliyopo, ila anaruhusiwa kutoka pale ambapo hali si salama. Uliza sheria ya mahali ulipo kabla hujaamua.

Namna ya kujinusuru

Ijue njia kabla ya siku ya kazi. Ipite mara moja siku ya Jumapili asubuhi, bila haraka. Angalia inapokatika, magari yanapoegeshwa na shimo lilipo. Njia ndefu kwa dakika tano kupitia mitaa ya ndani mara nyingi ni bora kuliko barabara kuu yenye rangi.

Toka mapema. Ukijua njia inaisha kwenye kituo cha basi, usingoje ifike mwisho. Mita 30 kabla, tazama nyuma juu ya bega la kulia, nyosha mkono, na hamia kwenye njia ya magari ukiwa bado na nafasi ya kuchagua. Anayengoja mpaka mwisho huingia kwa dharura, na dereva aliye nyuma yake hashtuki ila amekwisha kumfikia.

Shika katikati kwa utulivu. Mgeni hupenda kujibana ukingoni kwa adabu, kama mtu aliyeingia katika nyumba ya watu. Barabarani adabu hiyo ni hatari. Ukijibana, dereva hudhani kuna nafasi ya kupita hata kama haipo. Ukikaa katikati mahali finyu, unamwambia waziwazi kwamba asubiri. Atapiga honi; si kitu. Palipo wazi, rudi kando umpishe, na uinue mkono kushukuru.

Usipite kushoto mwa lori wala basi kwenye taa. Hata kama njia imechorwa hapo. Hata kama umechelewa. Kaa nyuma yake, au kama umefika kwanza, simama mbele mahali ambapo dereva atauona uso wako. Tangu mwaka 2021 London imekuwa ikiwatoza faini wenye malori makubwa yasiyo na kibali kinachopima kiasi dereva anachoweza kukiona kutoka kitini, na mwaka 2024 masharti hayo yakakazwa. Ni hatua njema, lakini usiufanye ubavu wako kuwa wa kulijaribia hilo.

Soma magari yaliyoegeshwa. Kichwa ndani ya gari, taa ya breki iliyozimika sasa hivi, teksi iliyosimama: zote ni ishara ya mlango utakaofunguka.

Uonekane. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sharti la sheria usiku, pamoja na kiakisi chekundu nyuma. Wengi wa watu wa zamu hununua baiskeli kuukuu na kusahau taa. Bei ya taa ni ndogo kuliko siku moja ya kukosa kazi.

Namna ya kulalamika ukasikika

Mimi mwenyewe niliangushwa na mlango wa gari asubuhi moja ya mwezi Februari, nikiwa ndani ya njia iliyochorwa kwa ajili yangu, nikienda kusoma taarifa ya saa kumi na mbili. Nilifika kazini nikiwa na bega lililovimba na suruali iliyochanika, na taarifa nikaisoma. Nikaiandikia halmashauri inayohusika barua ya kurasa tatu. Nikajibiwa kwa sentensi mbili kwamba njia inakidhi mahitaji ya watumiaji.

Nilikuwa nimeandika kama mhariri, kwa hasira na ufasaha. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani kutoka Mombasa, alinishauri vingine. Tulitoka na futi kamba yake ya kushonea, tukaipima njia katika sehemu sita. Sehemu pana kuliko zote ilikuwa sentimita 95. Barua ya pili ilikuwa na nusu ukurasa, vipimo sita na picha. Ilichukua miezi kumi na minne, lakini nafasi za kuegesha zikahamishiwa upande wa pili. Makutano yaliyo mbele yake hayajaguswa hadi leo.

Tokana na hayo, mambo manne yanafaa kuzingatiwa.

Jua barabara ni ya nani. London barabara kuu zenye mistari miekundu pembezoni ziko chini ya mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London; nyingine nyingi ni za halmashauri za mitaa. Barua ikienda kusiko, huzunguka na kupotea. Tovuti ya FixMyStreet, iliyoanzishwa mwaka 2007, humsaidia mwananchi kuifikisha taarifa ya shimo kwa mhusika.

Toa taarifa hata kama hujaumia. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1980 inazitaka mamlaka za England na Wales zizitunze barabara zake, lakini pia inazipa utetezi zikionyesha kwamba zilikuwa zikikagua ipasavyo. Taarifa iliyoandikwa na kuwekewa tarehe huudhoofisha utetezi huo. Shimo uliloliripoti leo linaweza kuwa ushahidi wa mtu mwingine atakayeanguka mwezi ujao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe huwa ni kaburi la mtu usiyemjua.

Ukiumia, weka kumbukumbu. Picha ya mahali, upana na kina, majina ya mashahidi, karatasi ya daktari. Kwa kawaida madai ya kuumia hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Hadhi yako ya uhamiaji haiyafanyi maumivu yako kuwa madogo mbele ya sheria hiyo.

Uliza kabla ya rangi kumwagwa. Halmashauri zinapotangaza mpango mpya, wananchi hualikwa kutoa maoni. Uliza maswali haya: upana ni kiasi gani? Njia inafanya nini kwenye makutano? Inaishia wapi? Nani ataifagia? Mwongozo wa mwaka 2020 ulitamka kwamba baiskeli ni chombo cha usafiri, kwamba zilindwe kwa kitu halisi dhidi ya magari mengi, na kwamba zisichanganywe na watembea kwa miguu. Tena fedha za serikali kuu zikafungamanishwa na kuyatimiza hayo. Wakumbushe. Sheria ya uhuru wa habari ya mwaka 2000 nayo inakupa haki ya kuomba nyaraka zenyewe, na ujibiwe ndani ya siku 20 za kazi.

Usisahau pia wale ambao njia nzuri yaweza kuwaumiza. Pale ambapo njia ya baiskeli hupita nyuma ya kituo cha basi, jumuiya za wasioona zimelalamika kwamba abiria wao huvuka bila kujua nani anakuja. Mwendesha baiskeli anayedai kuheshimiwa na lori hana budi kusimama kwa ajili ya fimbo nyeupe.

Na kwetu je?

Maswali haya hayakubaki Ulaya. Barabara ya Thika mjini Nairobi, iliyokamilika mwaka 2012, na ya Morogoro mjini Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendo kasi yalianza kazi mwaka 2016, zote zilijengewa njia za kando kwa ajili ya watembeao na waendesha baiskeli. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera yake kuhusu usafiri usiotumia injini. Karatasi zipo. Lakini apitaye huko hakawii kuona pikipiki zikikimbia ndani ya njia hizo, bidhaa zimetandazwa, na gari limeegeshwa juu ya alama yenyewe ya baiskeli. Hali hiyo inasikitisha hasa mtu akikumbuka kwamba bodaboda, kabla ya kuwa pikipiki, zilikuwa baiskeli za kuvushia watu mpakani Busia.

Wanaosema kwamba Waholanzi wamezaliwa na njia nzuri hawajasoma historia yao. Mwaka 1971 barabara za Uholanzi ziliua zaidi ya watu 3,000, wakiwamo watoto zaidi ya 400. Ni wazazi walioingia barabarani miaka ya 1970, wakayaita mauaji kwa jina lake, mpaka serikali ikabadili namna ya kujenga.

Waliolala Bow hawakukosa bahati. Walifuata rangi waliyopakiwa. Anayepanda baiskeli kesho alfajiri, London, Nairobi au kwingineko, na aifuate rangi pale inapostahili, aiache pale isipostahili, na akifika kazini salama aandike barua.